Kosa Nililolichora

Chumba cha ramani
4 Machi

Shemeji,

Tangu nirudi kutoka kwenu kuna sauti moja imekataa kuniacha. Ni ya kikombe. Nilikuwa chumba cha wageni nakunja nguo, nyinyi mko sebuleni, mara kikombe kikapasuka sakafuni. Hilo si kitu. Kilichonikaa ni kimya kilichofuata. Kikombe kikivunjika mtu husema "aa!", au hucheka, au humtupia mwenzake lawama. Kwenu hakuna aliyetoa neno. Nilisikia ufagio tu. Nilipotoka, Dada alikuwa anazoa vigae, na wewe umekaa umeelekea dirishani, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Sikuuliza siku ile kwa sababu gari lilikuwa linanipigia honi. Nauliza sasa.

Haya, tuje kwenye safari. Pale getini uliniambia, "Wakili, mwezi ujao tulitembee jabali lote, mimi na wewe, mwanzo hadi mwisho." Nilidhani unatania. Miaka kumi nimekuomba, miaka kumi umeniambia nina miguu ya karatasi. Nikiwa na miaka kumi na nne ulinirudisha kutoka kwenye ngazi ya chuma nikilia, na ukaniambia njia ile si ya watu wanaoishi vichwani mwao. Sasa ghafla ninafaa.

Sikatai. Nimeshanunua viatu. Kila jioni napanda ngazi za ofisi hadi ghorofa ya kumi na moja nikiwa nimebeba mkoba uliojaa ramani za zamani, na bosi wetu, yule tunayemwita Kifutio kwa sababu hakuna mstari wa mtu ambao hajaufuta, ameniuliza kama nahama kidogokidogo. Lakini nataka kujua ninachokwenda kukifanya. Kwenye karatasi njia hiyo ni kilomita kumi na tisa. Nimeipitishia kidole: mpando wa kwanza, kisha ngazi ya chuma, kisha pale mnapopaita Shingo, ambapo jabali linabaki upana wa meza na bahari iko chini pande zote mbili, halafu ghuba ndogo inayovukwa maji yakiwa yametoka. Tunaondoka saa ngapi? Kamba ni ya nani? Nani mwingine anakuja?

Na kwa nini mimi, na kwa nini sasa?

Wakili wako asiyelipwa


Nyumba ya kiongozi, jabalini
9 Machi

Wakili,

Umeanza. Hata salamu hujanipa, umeshanisimamisha kizimbani. Kikombe kilisukumwa na paka. Dada yako hakusema kitu kwa sababu amechoka kugombana na paka, na mimi nilikuwa natazama alikokimbilia. Kesi imefungwa.

Usiucheke mwandiko. Dukani walikuwa na kalamu hii nene ya kuandikia maboksi tu, ndiyo maana kila herufi imekuwa na ukubwa wa ng'ombe.

Sasa sikiliza. Jumamosi, tarehe 20 Aprili. Siku hiyo maji yanatoka kabisa saa nne asubuhi, na ni lazima tuwe ghubani kabla ya hapo, maana yakianza kurudi hayambembelezi mtu. Tunaondoka kukipambazuka tu. Kamba ni yangu. Tutafungana viunoni, mita nne kati yetu.

Wewe utatembea mbele, mimi nyuma. Utahesabu hatua kwa sauti kutoka alama moja hadi nyingine, na kwenye kila kona utaniambia ni kulia au kushoto, na jiwe limekaaje. Usicheke, ndivyo viongozi wa wapandaji wanavyofundishwa kazi. Hesabu nitazibeba mwenyewe kichwani.

Usije na rafiki. Usije na yule kijana wa ofisini anayekushikia mwavuli hata jua likiwaka. Sisi wawili tu. Na hayo ya kuhesabu hatua usimwandikie dada yako. Hali yake siku hizi inataka utulivu.

Alama za njia zimefutwa zote na mvua. Nilipita Jumapili, sikuona hata moja. Ndiyo maana nataka jicho la mchoraji.

Kwa nini wewe? Kwa sababu umekua. Jibu hilo likikutosha, tuliache hapo.

Shemeji yako,
Kiongozi


Chumba cha ramani
14 Machi

Shemeji,

Halijanitosha.

Nyumba yenu haina paka. Nililala kwenu siku nne. Sikuona bakuli, sikuona unyoya, na Dada hupiga chafya akimwona paka hata kwenye kalenda. Ungesema upepo ningekuamini, maana dirisha lilikuwa wazi. Ulichagua paka. Mtu akidanganya jambo dogo hivyo, mimi hushindwa kulala kwa kuwaza kubwa lililo nyuma yake.

Tuje kwenye alama. Juzi mezani kwangu ililetwa ripoti ya hifadhi inayokuajiri, pamoja na picha, ili tusahihishe karatasi mpya ya pwani hiyo. Alama zote mia moja na arobaini zilipakwa rangi upya tarehe 11 Februari. Nyekundu, mbichi kama kidonda, kila moja upana wa sahani. Na mvua haijanyesha huko tangu Januari. Nina uhakika, kwa sababu vipimo vya mvua vya hifadhi vinakuja kwetu pia.

Unasema ulipita Jumapili hukuona hata moja. Basi Jumapili ile hukuwa jabalini. Ulikuwa wapi?

Na kuna hili la kutembea mbele. Nimesoma vitabu vyote vya kupanda majabali vilivyomo katika maktaba yetu, navyo ni vitatu. Vyote vinasema mwenye uzoefu hutangulia na mgeni hufuata. Wewe umeigeuza. Umenitaka mbele, kwenye Shingo, nimefungwa kamba na mtu ambaye tayari ameniongopea mara mbili katika barua moja. Tena kila ukurasa una mistari minane tu, kwa sababu ya hiyo kalamu ya maboksi.

Halafu unaniambia nisimwambie Dada. Unapoziba mlango mbele yangu, Shemeji, ndipo ninapojua chumba kile kina kitu.

Mazoezi naendelea nayo. Sasa nafika ghorofa ya kumi na moja bila kusimama.

Wakili


Chumba cha ramani
17 Machi

Dada,

Nakuandikia wewe peke yako. Ukimaliza kusoma, ichane.

Mumeo huenda wapi siku za Jumapili? Anasema anakwenda jabalini. Nina sababu ya kuamini kwamba hendi. Sisemi ana mtu. Nasema tu kwamba mwanamume anayedanganya kuhusu alikokuwa Jumapili, wanawake wote duniani wana jina moja la jambo hilo.

Na kikombe. Niambie ukweli, mimi ni damu yako. Alikirusha? Alikurushia wewe? Ulikuwa umeinama, sikuuona uso wako.

Sema neno moja tu, "njoo", nami nitakuwa kwenye gari la asubuhi.

Kitinda


Nyumbani
22 Machi

Kitinda,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikacheka mpaka mtoto akaniruka tumboni. Mume wangu anirushie kikombe? Huyu anayemwomba radhi kiti akikigonga?

Tangu utotoni una tabia hiyo. Ukiona mlango umefungwa lazima uweke sikio. Mama alikuwa anasema utaolewa na tundu la ufunguo. Sasa umelileta ndani ya nyumba yangu.

Nikujibu, utulie. Jumapili huenda jabalini. Najua kwa sababu mimi ndiye ninayefua. Suruali zake zote zimetoboka magotini, viganja vimechubuka, na buti hurudi na udongo wa kijivu ambao hupatikana juu tu. Amemaliza mabunda mawili ya uzi wa katani tangu mwaka uanze. Mwanamke gani huyo anayetembelewa kwa magoti na uzi wa katani? Akiwepo, mwache tu, anastahili pole.

Na barua yako ya tarehe kumi na nne kwake niliisoma mimi. Barua zako zote humsomea mimi, kwa sababu jioni huwa amechoka. Nilisoma kwa sauti, yeye yuko kizingitini anapaka mafuta buti, nikafika pale "unaniambia nisimwambie Dada", na nikaendelea kusoma kama msomaji wa taarifa ya habari. Yeye akaendelea kupaka mafuta.

Sasa nisikilize mimi dada yako. Nyumba hii ni ya hifadhi. Kitanda tu ndicho chetu. Nina miezi mitano. Chochote unachodhani umekigundua, kiache hapo hapo ulipokikuta. Tarehe ishirini njoo, tembea, shika kamba, furahi. Si ulilia miaka kumi kupelekwa?

Dada yako


Chumba cha ramani
27 Machi

Shemeji,

Naomba radhi kwa barua iliyopita. Dada amenisuta na nimesutika. Tuseme kuna paka.

Nina ombi la kazi. Karatasi mpya ya pwani yenu imekamilika, na mkono ulioichora ni wangu. Kabla ya kwenda kwa mchapaji, kila karatasi yetu hupelekwa kwa mtu anayeijua ardhi kwa miguu yake. Anaikagua, anasahihisha penye kosa, kisha anasaini pambizoni. Bila saini ya miguu, kama tunavyoiita, Kifutio haipitishi. Nimewaambia hakuna anayelijua jabali lile kukuzidi. Umelitembea miaka ishirini na mbili.

Nakala ni hii. Angalia hasa kipande cha katikati, kuanzia mpando wa kwanza hadi ghubani. Kama kuna kosa, lizungushie duara. Kama hakuna, andika hivyo na uweke saini.

Kuhusu safari, nakubali kila kitu. Nitatangulia, nitahesabu, nitakutajia kona. Nimefanya mazoezi hata ya hilo. Kutoka mezani kwangu hadi kwenye lifti ni hatua thelathini na moja, kona mbili, zote kulia. Wenzangu wanasema nimeanza kuongea peke yangu.

Wakili


Nyumba ya kiongozi, jabalini
2 Aprili

Wakili,

Ahsante kwa kunipa heshima hiyo. Ramani nimeikagua mstari kwa mstari, tena juani, mlangoni. Ni sahihi kabisa. Ungekuwa umeitembea usingeichora vizuri hivyo. Nimesaini.

Nimefurahi umetulia. Sasa nikuambie kilichobaki. Jumamosi inayofuata baada ya safari yetu, tarehe 27, ninaongoza kundi. Wanafunzi wa uuguzi kumi na wanne, wanamaliza chuo, wamechanga kwa mwaka mzima ili watembee njia hii. Nataka uwepo siku hiyo pia, kama msaidizi wangu. Utatangulia vilevile kama tutakavyokuwa tumezoea, mimi nyuma yako, wao nyuma yangu. Omba ruhusa kwa huyo Kifutio.

Lete soksi za sufu. Za pamba zinaloa na hazikauki.

Shemeji yako,
Kiongozi


Chumba cha ramani
6 Aprili

SHEMEJI,

NIMEANDIKA KWA HERUFI KUBWA, KWA KALAMU YA MABOKSI, MANENO MACHACHE KWENYE KILA UKURASA, ILI UISOME MWENYEWE. UKIMPA DADA AKUSOMEE, HIYO NI HIARI YAKO.

KATIKA CHUMBA CHETU KILA RAMANI YA KUKAGULIWA HUCHORWA KOSA MOJA LA MAKUSUDI. NDIYO DESTURI YETU. MKAGUZI ASIPOLIONA, TUNAJUA ALISAINI BILA KUTAZAMA.

KWENYE SHINGO NILIIPITISHA NJIA UPANDE WA BAHARI. PALE PALIPOMEGUKA MIAKA MIWILI ILIYOPITA. TENA NIKAONGEZA LA PILI: NGAZI YA CHUMA NILIIFUTA KABISA. MTU ALIYELITEMBEA JABALI MIAKA ISHIRINI NA MBILI HAWEZI KUKOSA KUYAONA. WEWE NDIYE ULIYEKUWA WA KWANZA KUPIGA SIMU HIFADHI SIKU PALE PALIPOMEGUKA.

UMEANDIKA "SAHIHI KABISA".

NILIDHANI UNA MWANAMKE. NILIDHANI UNAMPIGA DADA. JUZI NILIDHANI UNATAKA NITELEZE. NIMEFIKIRI KILA UBAYA ISIPOKUWA HUU AMBAO SI UBAYA.

UNAONA KIASI GANI?

MIMI


Nyumba ya kiongozi, jabalini
11 Aprili

Wakili,

Nimeisoma mwenyewe. Nilianza baada ya chai, nikamaliza jua liko utosini. Dada yako alipita mara mbili, nikajifanya nimesinzia nimefunika uso kwa karatasi.

Utashinda kesi zote duniani, mdogo wangu. Mimi nilijua tangu barua ya kwanza kwamba unanifuata nyuma. Kila ulipouliza niliogopa, na kila ulipoacha kuuliza niliogopa zaidi. Barua yako ya radhi ndiyo ilinitisha kuliko zote. Nikajiambia, huyu hajawahi kuomba radhi maishani. Lakini nilitaka sana kuiamini, nikasaini.

Nakuambia yote. Katikati ya kila ninachotazama kuna doa, kama mtu ameweka kidole gumba juu ya picha. Pembeni naona. Nikikutazama usoni naona masikio yako. Kalamu, sindano, nambari, nyuso, vyote vimo chini ya hicho kidole. Wekundu juu ya jiwe la kahawia kwangu ni jiwe tu, ndiyo maana nilikuambia alama zimefutika. Nilidhani kweli zimefutika. Kikombe nilikiweka mezani, Wakili. Meza haikuwa pale.

Daktari wa macho niliyemwendea mjini kwa siri amesema doa halitoki, ila litakua.

Jumapili kweli huenda jabalini. Natambaa. Kila kona nimefunga uzi wa katani kwenye mzizi au jiwe, fundo moja kulia, mafundo mawili kushoto. Nimefika hadi chini ya ngazi. Juu ya hapo upepo unazikata nyuzi, ndiyo maana nilihitaji hesabu zako. Hatua hazipeperuki.

Usidhani nilitaka kukutupa. Nilikutaka mbele kwa sababu kiatu chako ningekiona. Kitu kinachotembea pembeni nakiona vizuri sana, usingeamini.

Nisikilize. Uchunguzi wa afya wa viongozi ni Juni. Nitashindwa, najua, nitaondoka kwa heshima, watanipa hata cheti. Mtoto atakuwa amekaribia. Ninachoomba ni tarehe 27 tu. Hawa kumi na wanne wameniomba kwa jina. Nataka siku ya mwisho niwe nimewafikisha watu upande wa pili. Ukiwa mbele yangu hakuna litakaloharibika. Nitakuwa na hesabu, nitakuwa na kamba, nitakuwa na wewe.

Dada yako anadhani ni mambo ya miwani tu. Usimwambie. Kazi ikienda nyumba inaenda, na yeye ana miezi sita karibu.

Usinikate miguu, shemeji. Macho nimeshayatoa.

Kiongozi


Nyumbani
12 Aprili

Kitinda,

Aliilalia barua yako, ikajichapa shavuni. Wino wa maboksi huo. Nilisoma neno "GANI" kwenye uso wa mume wangu nikiwa nampa maji ya kunawa, na nikamwambia ana masizi.

Najua. Nimejua tangu kikombe, na labda kabla. Nimekuwa naweka chumvi mahali palepale, viatu mahali palepale, kiti sikisogezi hata kwa kiganja. Nasoma barua kwa sauti na kusema amechoka. Yeye ananificha mimi, na mimi namficha kwamba sifichwi. Ndoa yetu ni hiyo kwa sasa, na ina amani yake.

Usimwambie kuwa najua. Akijua kuwa najua ataanza kuwa kipofu. Kwa sasa ni mtu anayekosea meza tu.

Njoo tarehe ishirini. Njoo na ishirini na saba. Tembea mbele yake kama anavyotaka. Una macho mawili mazuri, hujawahi kuyatumia kwa jambo la maana isipokuwa kuchungulia. Mtoto akizaliwa tutasema wenyewe. Nakuomba, na unajua mimi si mwombaji.

Dada yako


Benchi la nje, ofisi ya hifadhi
18 Aprili

DADA NA SHEMEJI,

Barua hii ni moja kwa watu wawili. Isomeni pamoja mezani. Shemeji, mkeo anajua, tangu kikombe. Dada, mumeo anakuficha mambo ya daktari wa mjini. Sasa hakuna tena wa kumlinda mwenzake kwa kutosogeza kiti.

Nilichukua likizo ya siku tatu. Juzi nilifika hapa bila kuwaambia, nikalala kwenye nyumba ya wageni iliyoko nyuma ya kituo cha mafuta, na jana asubuhi nilipanda peke yangu hadi chini ya ngazi. Nilifuata nyuzi zako, Shemeji. Sikutazama alama nyekundu hata moja. Niliinamisha kichwa na kupapasa mafundo kama ulivyofanya wewe. Nimehesabu themanini na saba. Themanini na tano ni sahihi kabisa, na sijawahi kuona kazi ya mkono iliyonitia aibu ya kazi yangu kama ile. Mawili yamekosewa. La kwanza lingempeleka mtu kwenye kichaka cha miiba. La pili liko kwenye kona ya mwisho kabla ya ngazi. Ulifunga fundo moja, na yalitakiwa mawili. Kulia kwake kuna hatua tano za majani, kisha hakuna kitu.

Ningeweza kulifunga upya nikanyamaza. Nililishika, nikafunga fundo la pili kwa sababu sikuweza kuliacha vile, lakini wakati nafunga nilijua halinisaidii kitu. Ningekuwa mbele, ndiyo. Ningekuwa mbele nikihesabu, mimi ninayeishi kichwani, na siku nikikosea hesabu ungefuata kiatu changu kwa imani, nao kumi na wanne wangefuata chako. Hawajui kwamba wanamfuata mchoraji. Hakuna aliyewauliza.

Nimejichunguza pia. Nyinyi mnajua napenda kuchimba. Nilipopata ramani imerudi na saini, nilifurahi, Shemeji, kwa dakika nzima nilifurahi kabla sijaelewa nilichokishika. Furaha hiyo sitajisamehe upesi. Kwa hiyo nilijiuliza kama nakwenda kusema kwa ajili ya wale wauguzi au kwa sababu siwezi kugundua kitu nikakiacha. Nimeuliza mara nyingi na sijapata jibu ninaloliamini. Nikaona wanafunzi wale hawawezi kusubiri mimi niwe mtu safi kwanza.

Leo saa tatu asubuhi niliingia kwa msimamizi wa hifadhi. Ni mama mmoja mwenye kikohozi na meza isiyo na kitu. Nilimwambia kuhusu macho. Sikumwambia kuhusu magoti wala uzi. Hayo ni yenu. Nilimwuliza kuhusu nyumba, kama mnaweza kubaki mpaka mtoto azaliwe, na kama kiongozi anayelijua jabali kwa viganja hawezi kufundisha wengine akiwa amekaa. Hakuahidi. Alisema ataandika kwa wakubwa zake. Safari ya tarehe 27 ameipa kiongozi mwingine palepale, kwa simu, mimi nikiwa nimekaa. Yetu ya keshokutwa ameifuta.

Aliniambia maneno matupu hayatoshi, mtu hafutwi kazi kwa uvumi wa shemeji. Alikuwa sahihi. Nikatoa ramani mkobani, nikaikunjua mezani, nikamwonyesha Shingo na njia inayopita hewani, na maneno "sahihi kabisa" pambizoni. Saini yako ilikuwa imetoka nje ya mstari, Shemeji, nusu yake iko juu ya bahari na haisomeki. Akaiangalia, akanitaka nithibitishe ni ya nani. Nikamtajia jina lako, na la baba yako, na akaliandika.

Mdogo wenu